Nahau za Kiingereza za kujituma na kufanikiwa: nizitafsiri vipi kwa wavuvi wa Kibirizi?

Mwalimu wa Gungu, Kigoma, ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari hapa Kigoma, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwatafsiria watu wa mtaani barua, mikataba midogo na maelekezo ya dawa bila kutatizika sana. Mwezi uliopita kikundi cha kuweka na kukopa cha wavuvi na wauza dagaa wa Kibirizi kiliniletea kijitabu cha mafunzo ya biashara ndogo, walichoachiwa na wakufunzi waliopita hapa, wakaniomba nikiweke katika Kiswahili ili kila mwanakikundi akisome mwenyewe. Hesabu za kijitabu hicho hazina ugumu wowote. Ugumu ni kwamba aliyekiandika hawezi kumaliza aya bila kuingiza nahau, na karibu zote zinahusu kujituma, kuanzisha jambo na kufanikiwa.

Rasimu ya kwanza niliisoma kwa sauti pale ufukweni jioni moja ya mbalamwezi, wakati mitumbwi imepumzika na watu wana nafasi. Nilipofika penye "burn the midnight oil", ambapo mimi nilikuwa nimeandika kwamba mfanyabiashara hodari huchoma mafuta usiku wa manane, mzee mmoja alinyoosha mkono na kuniuliza, kwa upole kabisa, kama kitabu kinawataka warudi kwenye karabai. Alinieleza kwamba wao walichoma mafuta ya taa usiku wa manane kwa sehemu kubwa ya maisha yao, na kwamba ni mafuta hayo hayo yaliyokuwa yakila faida mpaka zilipokuja taa za sola. Sasa inakuwaje mwalimu anawaambia kuwa kuchoma mafuta ndiyo njia ya kutajirika? Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini mchangani. Nami nilicheka pamoja nao, lakini usiku huo nilikesha nikiipitia rasimu upya, na sikupenda nilichokiona.

Mahali penye "pull your weight" nilikuwa nimeandika "vuta uzito wako". Penye "win hands down" niliandika "kushinda mikono chini", na sasa nikiisoma naona kama mtu aliyepigwa akalala. Mwanafunzi wangu mmoja niliyemwomba anisaidie kurasa za mwisho alitafsiri "start from scratch", yaani kuanza upya bila chochote, kuwa "kuanza kwa kujikuna". Nimejaribu pia njia ya methali: mahali pa Roma isiyojengwa kwa siku moja nimeweka "haba na haba hujaza kibaba", lakini moyo wangu hauridhiki, maana naona hizi mbili hazisemi jambo moja.

Naomba ushauri wa wenye uzoefu. Je, nifuate maneno, nitafute methali ya Kiswahili inayokaribia, au nieleze tu maana na kuachana na mapambo?

Mstaafu wa Cheyo, Tabora, amejibu:

Mwalimu, salamu kutoka Tabora. Nimefundisha Kiingereza kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na makosa hayo nimeyafanya yote, kwa hiyo usijilaumu kupita kiasi. Ushauri wangu ni kwamba kabla ya kutafuta Kiswahili cha nahau, uulize kwanza ilizaliwa katika kazi gani. Waingereza hawakukaa chini ya mwembe wakatunga nahau kwa ajili ya kuwasumbua walimu wa Kigoma. Walikuwa wakulima, mabaharia, wapanda farasi na mabondia, na kila kazi iliacha maneno yake vinywani mwa watu hata baada ya wengi wao kuisahau kazi yenyewe.

Mafuta ya usiku wa manane, kwa mfano, ni mafuta ya taa ya msomi, na Kiingereza kimekuwa na maneno hayo tangu karne ya 17, wakati kila saa ya mwanga baada ya jua kuzama ilikuwa na gharama yake. Anayesifiwa pale ni mtu aliyejinyima usingizi kwa ajili ya vitabu, wala mafuta yenyewe hayasifiwi. Ile ya kuvuta uzito imetoka kwenye kupiga makasia: kila mpiga kasia anapaswa kuvuta kwa nguvu inayotosha angalau kuusogeza mwili wake mwenyewe, kwa sababu asipofanya hivyo anakuwa mzigo kwa wenzake. Mikono chini ni ya mpanda farasi ambaye, akiona amewaacha wenzake mbali, hulegeza hatamu na kushusha mikono, kwa kuwa hana haja tena ya kumhimiza mnyama. Na huo mkwaruzo ambao mwanafunzi wako ameugeuza kuwa upele ni mstari uliochorwa ardhini, mahali ambapo mkimbiaji asiyepewa upendeleo wowote alianzia mbio zake. Ukikutana na "pass with flying colours", usiandike habari za rangi zinazoruka, kwa sababu hapo neno hilo lina maana ya bendera: meli iliyoshinda vitani ilirudi bandarini bendera zake zikipepea, na iliyoshindwa ilizishusha.

Sasa niseme moja inayotuhusu sisi wa Tabora. Bila shaka kijitabu chako kina "go the extra mile", yaani kwenda maili ya ziada, kufanya zaidi ya unachotakiwa, kwa maana sijaona kijitabu cha wakufunzi kisichokuwa nayo. Hiyo imetoka katika Injili ya Mathayo, sura ya 5, mstari wa 41, ambapo Yesu anasema kwamba mtu akikulazimisha kwenda naye maili moja, nenda naye mbili. Wasikilizaji wake walielewa mara moja, kwa sababu askari wa Kirumi aliweza kumshika raia yeyote njiani na kumbebesha mizigo yake. Kwa hiyo maili ile haikuwa matembezi. Ilikuwa maili ya mzigo kichwani au begani, mzigo wa mtu mwingine, tena bila malipo.

Ukilieleza hivyo kwa mtu wa Tabora, huhitaji kueleza tena. Babu zetu waliobeba pembe na bidhaa kati ya hapa na Bagamoyo, karibu kilomita 800, walikuwa na mzigo wa kawaida wa frasila mbili, yaani takriban kilo 32 kwa mtu mmoja, na hapo hujahesabu mkeka wake, sufuria yake na chakula chake. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 ndipo biashara ya vichwa na mabega ilipoanza kufa. Lakini maneno hayakufa, maana mpaka leo Waswahili husema "mzigo mzito mpe Mnyamwezi". Msemo huo una sifa ndani yake na una utani pia, na wakati mwingine husemwa na mtu anayetafuta tu wa kumtwika kazi yake. Kwa hiyo sikushauri uutumie katika kijitabu. Ninachotaka uone ni kwamba nasi tunazo nahau zilizozaliwa kazini, na kazi zenyewe tunazijua.

Mkalimani wa Barabara ya Reli, Tabora, amejibu:

Shikamoo mwalimu wangu wa Cheyo. Nakubaliana nawe kuhusu asili, ila napenda kuongeza jambo la kiufundi ambalo naona ndilo linalomsumbua mwuliza swali kuliko anavyofikiri.

Nahau na methali hazifanyi kazi moja ndani ya sentensi. Nahau hunyambulika na kubeba nafsi na wakati, kama kitenzi kingine chochote; methali husimama peke yake, na ukiiingiza katikati ya maelezo inasimamisha kila kitu, kama mzee aliyeingia kwenye kikao na wote wakalazimika kuinuka. Mwandishi wa kijitabu alikuwa anatembea, akitumia nahau kama viatu. Wewe ukiweka methali mahali pa kila nahau, ukurasa mmoja utakuwa na methali sita, na msomaji atahisi anahutubiwa. Kwa hiyo kanuni yangu ni nahau kwa nahau pale inapopatikana, kitenzi cha kawaida pale isipopatikana, na methali nikiihifadhi kwa mahali ambapo hata Mwingereza mwenyewe alisimama ili aonye.

Tena tusijidharau, kwa sababu Kiswahili kina hazina kubwa ya nahau za kujituma, na nyingi hazitoki kwenye farasi wala ndondi bali kwenye ngoma. Mtu akiamua kulishughulikia jambo kwa dhati, tunasema amelivalia njuga. Njuga ni zile kengele ndogo ambazo mchezaji hujifunga miguuni kabla ya kuingia uwanjani, na akishazifunga hawezi tena kujificha, kwa maana kila hatua yake inasikika. Mtu akikata tamaa tunasema amebwaga manyanga, na manyanga ni vile vibuyu vyenye mbegu ndani ambavyo hutikiswa ngoma inapochezwa. Bondia wa Kiingereza anapozidiwa, msaidizi wake hurusha taulo ulingoni. Mchezaji wetu huziweka chini kelele zake mwenyewe. Mimi naona ya kwetu inauma zaidi, kwa sababu hakuna wa kukutupia: unayebwaga ni wewe, na watu wote wanakuona. Kwa hiyo kijitabu kikisema "throw in the towel", usisite, andika "kubwaga manyanga".

Kwa "pull your weight" huna haja ya kasia wala uzito. Kiswahili kina kitenzi "kutegea", na sidhani kama Kiingereza kina neno moja linalokitosha. Mtu anayetegea yuko kazini pamoja na wenzake, mkono wake uko kwenye kamba kama mikono yao, ila nguvu haipo. Andika "asiwepo wa kutegea" na kila mvuvi atamjua unayemsema, pengine hata kwa jina. Kwa "hands down" tunasema ameshinda kwa mteremko, au bila kutoa jasho. Kwa "flying colours", amefaulu kwa kishindo. Na kwa "leave no stone unturned", kufanya juu chini. Hiyo ya mwisho Waingereza waliipata kwa Wagiriki, katika kisa cha mtu aliyetafuta hazina inayosemekana kuachwa na jemadari wa Uajemi baada ya vita vya Plataea mwaka 479 kabla ya Kristo, akaambiwa na wapiga ramli wa Delphi apindue kila jiwe.

Jihadhari na moja tu, ambayo ni mtego. Ukikuta "roll up your sleeves" usiandike "kunjeni mikono". Ni kweli kwamba mkono wa shati pia huitwa mkono, na Mwingereza anakusudia shati likunjwe ili kazi ianze. Lakini Mswahili akiambiwa akunje mikono ataikunja kifuani na kukaa akitazama. Utakuwa umewahimiza watu wazima wote wa kikundi wakae bure.

Mama wa Chanja, Kibirizi, amejibu:

Mwalimu wetu, mimi nilikuwepo jioni ile na nilicheka pamoja na wengine, kwa hiyo napenda nisaidie kulipa deni.

Naona walimu wa Tabora wamekupa asili za maneno, na ni elimu nzuri, lakini mzee aliyekuuliza swali la karabai alikuwa na hoja ambayo haijajibiwa hapa. Mmesema maana yake ni kukesha. Kumwambia mvuvi wa dagaa akeshe ni kama kumwambia samaki aogelee, kwa sababu kukesha ndiyo kazi yake. Wakati wa giza wanaume hutoka hapa jioni na kurudi alfajiri, usiku baada ya usiku, mpaka mbalamwezi inapokuwa kali kiasi kwamba taa haziwavuti tena dagaa, ndipo hulala. Kukesha kwetu si bidii ya ziada na hakumtofautishi mwenye kuendelea na mwenye kubaki nyuma. Anayebaki nyuma ni yule anayerudi alfajiri, akapokea fedha zake, akalala hadi jioni, na hajui kama usiku ule alipata faida au alilipa tu deni la mafuta ya injini. Kama kitabu kinataka kusema kwamba mtu ajinyime usingizi kwa ajili ya hesabu zake, basi kwa watu wetu usingizi wa kujinyima ni ule wa mchana. Hilo ndilo ulipaswa kutuandikia.

Kuna jambo la pili. Ukurasa ule wenye nahau ya Kiingereza ya kukausha nyasi, nakumbuka uliandika "tengeneza nyasi kavu jua linapowaka", na sisi tukajiuliza ng'ombe wa nani. Baadaye mtu mmoja akapendekeza "udongo uwahi ungali maji". Methali hiyo ni nzuri na najua maana yake ni ile ile ya kutopoteza nafasi, lakini tafadhali itazame kwa macho ya mtu mwenye dagaa juu ya chanja. Mfinyanzi anakimbizana na jua, kwa sababu udongo ukikauka haufinyangiki tena. Jua ni adui yake. Mkata nyasi wa Kiingereza analitaka jua, kwa sababu mvua ikimkuta nyasi zake zinaoza. Maana ni moja, lakini jua limegeuzwa upande. Sisi tuko upande wa yule mkata nyasi. Masika dagaa wakipigwa na mvua kabla hawajakauka hugeuka rangi, na kufikia jioni unawanusa kabla hujawaona, nao huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Kwa hiyo kwetu huhitaji methali wala nyasi. Andika "anika kungali na jua", na hakuna mwanamke wa Kibirizi atakayeuliza maana yake.

Kuhusu mikono ya shati ambayo ndugu mkalimani ameionya, mimi ningesema "kufunga kibwebwe". Mwanamke anayeanza kazi nzito hujifunga kanga kiunoni, akaikaza, ndipo anainua beseni. Najua wapo wanaume watakaosema hawavai kanga. Wasemaji wa redioni huwaambia hata wachezaji wa mpira wafunge vibwebwe na sijasikia aliyelalamika.

Mjukuu wa Ujiji amejibu:

Shikamooni wote. Nimevutiwa na swali la Roma, kwa sababu naona limepitwa. Mwalimu ana haki ya kutoridhika na kibaba. "Haba na haba hujaza kibaba" inahusu kukusanya kidogo kidogo, na inakifaa sana kikundi cha kuweka na kukopa, lakini Roma haihusu akiba. Ni maneno ya kumtuliza mtu anayelalamika kwamba kazi kubwa inachelewa. Yalikuwepo katika Kifaransa tangu karne ya 12, na John Heywood aliyaweka katika mkusanyo wake wa methali za Kiingereza mwaka 1546. "Haraka haraka haina baraka" nayo haifai, kwa sababu inamkemea mwenye haraka, wakati ile ya Roma inamfariji.

Pendekezo langu ni kwamba tuache Roma, kwa kuwa tunayo yetu bandarini. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande vipande na kufungwa katika makasha yapatayo 5,000, ikavushwa bahari hadi Dar es Salaam na kuletwa Kigoma kwa reli, kisha ikaungwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi ili isitekwe, lakini kabla ya kuizamisha mafundi walizipaka injini grisi nzito. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na kazi ya kuitengeneza ikachukua hadi 1927, ndipo ikaanza safari kwa jina tunalolijua. Kwa nini tusiseme "Liemba haikuelea kwa siku moja"? Mtu wa Kigoma akisikia hivyo anaona makasha, anaona grisi, anaona miaka mitatu ya kupiga nyundo. Akisikia Roma anaona nini?

Mkalimani wa Barabara ya Reli, Tabora, amejibu:

Ndugu Mjukuu, kisa ni kizuri na umekisimulia vizuri, lakini naomba nipinge. Methali haitungwi mezani siku moja kisha ikatiwa kitabuni kana kwamba watu wanaijua. Msomaji akikutana nayo atasimama na kujiuliza kama ni msemo wa wazee ambao yeye hakubahatika kuusikia, na mwalimu atakuwa amemdanganya bila kukusudia. Kama kisa cha Liemba kinafaa, na mimi nakubali kwamba kinafaa, basi kisimuliwe kama kisa, kwa sentensi mbili tatu, na kisivishwe joho la methali.

Hata hivyo nikiri kwamba zipo tafsiri za neno kwa neno zilizokubalika. "Kuua ndege wawili kwa jiwe moja" tuliichukua kama ilivyo, magazeti yakaitumia, na leo kijana hajui kwamba ilitoka ng'ambo. Ilipita kwa sababu jiwe tunalo, ndege tunao, na kila mtoto amewahi kurusha. "Kuvunja barafu" kwa maana ya kuanzisha mazungumzo haijapita vizuri, angalau masikioni mwangu, kwa sababu barafu yetu ni ya kuhifadhia samaki na ya kunywea juisi, na kuivunja hakufungulii meli njia.

Mstaafu wa Cheyo, Tabora, amejibu:

Nawaunga mkono wote wawili, jambo ambalo nilimkataza kila mwanafunzi wangu kulifanya katika insha.

Ila kuna moja ambayo methali ya Kiswahili inaiweza kabisa, na mwalimu ataihitaji akifika kwenye sura ya mikopo. Ni ile ya kuvuka Rubicon. Mto wenyewe ni mdogo, ukiuweka kando ya Malagarasi utauita kijito. Ukubwa wake ulikuwa katika sheria ya Roma, ambayo haikumruhusu jemadari kuuvuka na jeshi lake kuingia Italia. Julius Caesar alipouvuka mwaka 49 kabla ya Kristo alijua kwamba amekwisha kuwa mwasi na hakuna kurudi nyuma. Sisi tunasema "maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga". Maji kwa maji, kama mlivyosikia. Tofauti ipo, na ni ya kupendeza: Caesar alizuiwa kurudi na sheria, na mwogaji wetu anazuiwa na aibu, maana amekwisha kusimama uchi mbele ya watu. Mkopaji aliyetia sahihi mbele ya kikundi chake yuko karibu zaidi na yule mwogaji kuliko na Caesar. Hapo, mwalimu, weka methali bila woga, kwa sababu hapo mwandishi wako alisimama ili aonye.

Mwalimu wa Gungu, Kigoma, amejibu:

Nawashukuru nyote, na wewe Mama wa Chanja hasa, kwa kuwa umenionyesha kwamba kosa langu halikuwa la maneno peke yake. Nilikuwa natafuta Kiswahili cha bidii ya mtu anayelala usiku, nikiwaandikia watu wanaolala mchana.

Nimeanza upya sura ya pili, nami sikujikuna hata kidogo. Roma nimeiondoa, na mahali pake kuna kisa cha Liemba kwa sentensi nne, bila joho. Nyasi zimekuwa dagaa. Manyanga yameingia mara moja, kutegea mara mbili, na methali nimebakiza mbili tu katika sura nzima: kibaba kwenye akiba na maji kwenye mikopo. Maili ya ziada ilinisumbua, kwa sababu wapo wanakikundi ambao Injili hawaisomi na sikutaka nahau inayowaelewesha nusu ya wasomaji. Nimeandika tu kwamba mteja akinunua beseni moja, mtwishe na umsindikize hadi kwenye gari. Naomba mkalimani aniambie kama nimetoka nje ya tafsiri.

Mahali pa mafuta ya usiku wa manane sasa panasomeka hivi: "Ukirudi kutoka ziwani alfajiri, andika mauzo yako kabla hujalala."

Mkalimani wa Barabara ya Reli, Tabora, amejibu:

Umetoka kidogo, na umefanya vema. Neno "mtwishe" limerudisha mzigo ambao Mathayo aliukusudia, wakati wakufunzi wengi wameusahau na kubakiza matembezi.

Mama wa Chanja, Kibirizi, amejibu:

Mwalimu, imekaribia, lakini bado mvuvi atakwama. Alfajiri mtumbwi unapofika, anayejua bei ni sisi tunaonunua, na mara nyingi fedha hukamilika jioni au siku ya kugawana. Yeye akishuka anajua idadi ya ndoo tu. Ukimwambia aandike mauzo kabla ya kulala ataandika uongo, au hatalala. Andika hivi: "Ukirudi kutoka ziwani alfajiri, andika idadi ya ndoo na lita za mafuta ya injini kabla hujalala; mauzo yaandike siku ya kugawana, wenzako wakiwepo."

Sura hiyo ikiwa tayari, njoo uisome wakati wa mbalamwezi kama ulivyofanya mara ya kwanza, kwa sababu giza likianza hutampata mtu hapa ufukweni. Yule mzee wa karabai ameulizia mara mbili.